Katikati pamefifia, pembeni pazima: kuishi na ugonjwa wa makula

Hapa Mombasa, lawama ya kwanza inayompata mwenye ugonjwa wa makula ni ya salamu. Amepita barazani, hakuitikia mkono uliopungwa, na jioni maneno yashafika nyumbani: fulani siku hizi ana maringo. Kesho yake huyo huyo anaonekana akiikwepa pikipiki iliyomjia ubavuni, na lawama inageuka: kumbe anaona, anajifanya tu.

Hajifanyi. Makula ni kidoa kilicho katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na upana wake ni kama milimita 5 tu. Hapo ndipo jicho linapotegemea kusoma herufi, kutambua sura ya mtu na kutunga uzi kwenye sindano. Sehemu yote iliyobaki kazi yake ni kuona mwendo, kivuli, na mlango uko wapi. Ugonjwa wa Stargardt, ulioitwa kwa jina la daktari Mjerumani Karl Stargardt aliyeueleza mwaka 1909, huila hiyo katikati, mara nyingi kuanzia utotoni au ujanani. Wazee nao hupatwa na kuchakaa kwa makula. Sababu ni mbali mbali, lakini shida ya kila siku ni ile ile: pikipiki inaonekana, uso wa jirani hauonekani. Kwa hivyo anayesalimu na ajitaje. "Salaam aleikum, bibi. Ni mimi, Mwanaisha wa nyumba ya pili." Hiyo peke yake huondoa nusu ya uchungu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawaambiwi kliniki, nalo ndilo kubwa kuliko yote: pembeni pa jicho panafundishika. Jicho lina mazoea ya kukilenga kitu kwa katikati yake, na katikati ndipo palipokufa. Kadiri mtu anavyokaza macho, ndivyo kitu kinavyozidi kupotea. Anatakiwa alenge kando kidogo, ili picha iangukie mahali pazima.

Chukua karatasi ya A4, chora duara kubwa kama uso wa saa, andika namba 1 hadi 12 kwa kalamu nene nyeusi, na katikati uweke nyota. Ibandike ukutani usawa wa macho, ukae umbali wa mkono mmoja. Ziba jicho lililo dhaifu zaidi. Tazama nyota, pengine itatoweka. Bila kugeuza kichwa, peleka jicho kwenye 12, halafu 1, halafu 2, polepole, mpaka umalize mzunguko. Kuna namba mojawapo ambapo nyota itajitokeza vizuri kuliko kwengine. Hiyo ndiyo yako. Fanya mazoezi kwa dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, kwanza kwa herufi kubwa moja moja, kisha maneno mafupi. Macho yakichoka, acha.

Kosa la kawaida ni kugeuza kichwa badala ya jicho. Jengine ni kuchagua upande wa kulia au kushoto kwa kusomea. Ukitazama juu ya mstari, doa, yaani pale katikati palipokufa, linapanda juu na neno linabaki wazi chini yake. Ukitazama kando, doa linaweza kukaa juu ya neno linalofuata. Nasi huku tuna wasomaji wengi wa hati mbili: Kiswahili kinakwenda kulia, Kiarabu kinakwenda kushoto, na doa lisilokusumbua kwenye gazeti litakusumbua kwenye msahafu. Ikiwa saa 12 au 6 zinakufaa karibu sawa na nyengine, shika hizo. Ukisoma, tuliza jicho, usogeze karatasi. Msahafu uwe wa chapa kubwa, juu ya marufaa iliyoinuliwa, kwa sababu irabu ndogo ndizo zinazopotea kwanza.

Mtoto anayetazama hivi huonekana mkaidi. Mwalimu anamwambia, "Nitazame usoni!" naye akitii hamwoni mwalimu tena. Mzazi amweleze mwalimu mapema, mtoto akae mbele, na kabla ya mitihani ya taifa shule iombe karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada.

Kioo cha kukuzia kina hesabu yake. Pima kwanza: kwa umbali wa sentimita 25, ukiwa na miwani yako ya kusomea, herufi ndogo kabisa unayoisoma ni ya saizi gani, kwa saizi za herufi za kompyuta? Ikiwa ni 24, nawe wataka kusoma ya 8, wahitaji ukuzaji wa mara 3. Zidisha kwa 4: lenzi ya nguvu ya dayopta 12 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Gawa 100 kwa 12: lenzi hiyo hukaa kama sentimita 8 kutoka kwenye karatasi. Watu hununua lenzi kali mno, wakaishika mbali, wakasema haifai. Lenzi ikizidi ukali, eneo linaloonekana linazidi kuwa dogo. Isogeze karibu na jicho ndipo eneo lipanuke. Mkono ukitetemeka, tafuta yenye miguu. Kwa kibao cha matatu au bei dukani, piga picha kwa simu kisha uikuze.

Mwanga ni nusu ya lenzi. Taa ya mezani ikitoka sentimita 60 hadi 30, mwanga unaofika kwenye karatasi huwa kama mara nne, bila kubadilisha balbu. Iwe pembeni, chini ya usawa wa macho. Nje ni kinyume, jua letu la mchana na kuta nyeupe huosha kila kitu. Vaa kofia ya ukingo au vuta mtandio mbele. Miwani nyeusi tititi hupunguza mwako lakini huua pia tofauti za rangi. Jaribu ya manjano au ya rangi ya kaharabu. Ukiingia kwenye duka lenye giza Mji wa Kale, simama mlangoni kidogo macho yazoee.

Jikoni, chai ya rangi imiminwe kwenye kikombe cheupe, maziwa na uji kwenye cheusi. Noti zilizotolewa mwaka 2019 zina mistari ya kupapasa ukingoni: 50 mmoja, 100 miwili, 200 mitatu, 500 minne, 1,000 mitano. Zipapase nyumbani kwanza, si sokoni Kongowea watu wakikusukuma.

Kuhusu vidonge: mwenye Stargardt asinywe vitamini A ya ziada wala mafuta ya ini la samaki. Kwa wengi hitilafu iko kwenye jeni iitwayo ABCA4, na mabaki ya vitamini A ndiyo yanayojilimbikiza na kuichosha retina. Chakula cha kawaida hakina neno. Jeni hiyo hurithiwa kwa wazazi wote wawili, wenyewe wakiwa wazima, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4. Ndoa ya mtoto wa ami huongeza nafasi ya wote wawili kuibeba. Twalisema hili ili ndugu wa mtoto wapimwe mapema, si ili mama alaumiwe.

Mzee ambaye nondo za dirisha zimeanza ghafla kupinda machoni mwake asingoje tarehe ya kliniki. Huenda ni damu au maji chini ya makula, na sindano ya jicho husaidia ikiwahi. Kila asubuhi azitazame nondo kwa jicho moja, kisha la pili.

Mwisho, yale ambayo wazee huyaficha: kuona watoto wadogo ukutani, maua, watu waliovaa nguo za zamani. Si majini wala wazimu. Ubongo uliokosa picha hujichorea zake. Charles Bonnet wa Uswisi aliyaeleza mwaka 1760, akimzungumzia babu yake. Washa taa, peleka macho kulia na kushoto mara kadhaa, inuka ukae mahali pengine. Picha zikija pamoja na sauti au harufu, au mzee akiamini kabisa kuwa ni za kweli, hilo ni jambo jengine na daktari aambiwe siku hiyo hiyo.