Kifurushi kimerudi? Soma kibandiko kabla hujakichana

Kifurushi kikirudi kutoka ng'ambo, kitazame kwanza upande wa anwani. Posta iliyokirudisha inatakiwa kukibandika CN 15, kibandiko chenye orodha ya sababu, moja ikiwa imetiwa alama. Mara nyingi maandishi ni ya Kifaransa, lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani: Inconnu, mpokeaji hajulikani hapo, Parti, amehama, Refusé, amekataa, Non réclamé, hakwenda kuchukua. Kipige picha pamoja na mihuri yote ya tarehe.

Sababu hiyo ya mwisho, Non réclamé, huwaponza wapokeaji wasio na kosa. Namba ya fleti ikikosekana, taarifa ya kwenda kuchukua mzigo haimfikii mtu. Pengine ilimfikia, ila inadai kodi asiyoitarajia: tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa bidhaa za hadi euro 22, hivyo hata kava la simu lililonunuliwa mtandaoni linatozwa. Andika simu na barua pepe ya mpokeaji, na umwambie mapema.

Bila kibandiko, shuku fomu ya forodha. CN 22 ni ya thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF). Ikizidi hapo, CN 23. Ukiandika "zawadi" au "vitu binafsi" hujasema kitu. Andika "fulana 2 za kiume, pamba, gramu 340", thamani na aina ya fedha, na msimbo wa HS, namba ya kimataifa ya kutambulisha aina ya bidhaa, wa tarakimu 6. Maelezo hayohayo lazima yaingizwe kwenye mfumo wa posta: tangu 2021 bidhaa hutakiwa kutanguliwa na taarifa za kielektroniki. Fomu ya kalamu peke yake inaweza kukwamisha mzigo kabla haujapanda ndege. Karani akikuambia inatosha, msisitize.

Betri za lithiamu zikiwa peke yake, pawabenki ikiwemo, hazipiti kwenye posta ya kawaida ya kimataifa. Zilizofungwa ndani ya kifaa chake huenda zikapita, uliza kwanza.

Unapotuma upya, tumia kasha jingine, au funika kabisa msimbopau na anwani za zamani. Mashine haijui kipi kipya. Ikisoma cha zamani, mzigo unageuza tena. Fomu mpya, namba mpya. Kwa vifurushi vizito, soma kile kisanduku cha maagizo ya mtumaji ambacho wengi hukiruka: usipochagua kifurushi kitelekezwe kisipofika, unaweza kudaiwa gharama ya kurudishiwa, na kwa kitu cha bei ndogo hiyo ni hasara tupu.

Kikipotea njiani kurudi, mtumaji ndiye anayefungua madai, kwa fomu ya CN 08, ndani ya miezi 6. Miezi hiyo huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, kwa hiyo muda wote uliotumika kwenda na kukaa stoo ya ugenini umeshakatwa humo.