Chumba baridi, nguo mbichi

Masika ya mwaka jana nilitoa suti kabatini niivae harusini, nikakuta kola imeota ukungu wa kijani. Mkanda wa ngozi nao ulikuwa umejaa unga mweupe. Nikalaumu ukuta, nikalaumu kabati. Kiyoyozi sikukidhania kabisa. Si ndicho kinachokausha hewa?

Naishi Dar, chumba cha futi 10 kwa 12, na kiyoyozi cha BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) nilichonunua kwa tamaa tu. Fundi alipokuja kukisafisha akacheka. "Bosi, hiki cha sebule. Humu cha 9,000 kinatosha." Kumbe kiyoyozi hukamua unyevu pale hewa inapopita kwenye koili baridi, yale mabomba yaliyojikunja ndani yake, kwa muda mrefu. Changu kilipoza chumba kwa dakika chache, kompresa, ile mashine inayoleta baridi, ikazima, feni ikaendelea kupuliza, na maji yaliyobaki kwenye koili yakarudi humo humo chumbani. Ndiyo maana nilitetemeka usiku huku shuka linanata.

Hela ya kununua kingine sikuwa nayo. Nikatafuta kipimo kidogo cha unyevu, nikakiweka juu ya kabati. Alfajiri, kiyoyozi kikiwa nyuzi 18, kipimo kilisoma asilimia 78. Nikapandisha kiyoyozi hadi nyuzi 26, feni ikawa chini kabisa, na kabla ya kulala nikabonyeza kwenye rimoti ile alama ya tone la maji, ya kukausha hewa, ambayo sikuwahi kuigusa.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la asubuhi. Nilikuwa nazima na hapo hapo nafungua madirisha, eti hewa safi iingie. Hewa ya masika ikigusa nguo zilizolala kwenye baridi, hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Siku hizi nasubiri kwanza vitu vipate joto, na mvua ikinyesha sifungui kabisa. Kabati nimelisogeza shubiri moja kutoka ukutani. Taulo mbichi zinaanikwa nje. Hilo lilizua ubishi na mke wangu, nusura nishindwe.

Kipimo sasa hucheza kati ya 55 na 62. Ndoo ya chini ya bomba la kiyoyozi, ambayo zamani ililowa chini tu, asubuhi naikuta imefika nusu, na maji yale tunapigia deki. Suti dobi aliitakasa, ila kola bado ina kivuli.