Chai si chakula

Jumapili shemeji alikuwa anachuna mbuzi uani kwetu Nkuhungu, mwanangu kachuchumaa pembeni anahoji kila kitu. Shemeji alipofika kwenye ini akanyamaza, akakibandua kile kifuko cha kijani kwa vidole viwili, taratibu. Kikipasuka, nyama yote chungu.

"Hicho ndicho Bibi alichotolewa?"

Ndicho.

Miezi minne tulimtibu Mama "vidonda vya tumbo". Vidonge, maziwa, mlonge, asali. Maumivu yalimjia usiku, hasa akila nyama ya mafuta: chini ya mbavu za kulia, kisha yanapanda begani. Bega tulilichua. Hakuna aliyejiuliza tumbo na bega vimejuana wapi.

Utrasaundi ya kwanza ikasema ukuta wa kifuko cha nyongo ni mnene, milimita 4, na kwa kawaida hauzidi 3. Nikasikia "mnene", nikaelewa saratani. Nikatoka kwenye vumbi la Agosti kumpigia dada, tukalia wote kwenye simu. Huko ndani mpimaji alikuwa hajamaliza.

"Mama, asubuhi umekula?"

"Sijala, baba."

"Hata chai?"

"Chai nimekunywa, ya maziwa. Chai si chakula."

Kumbe kifuko kikipata habari ya mafuta hujikamua, na kikisinyaa ukuta huonekana mnene hata kwa mtu mzima wa afya. Tena hunenepa kwa ugonjwa wa ini, moyo au figo, chenyewe kikiwa hakina kosa. Arudi kesho, asile kitu kwa saa 8.

Kesho yake sikutoka. Daktari alimpaka jeli, akakandamiza kile kidude chini ya ubavu. "Vuta pumzi, mama." Mama, aliyezaa watoto sita bila jirani kusikia, akavuta, akafika katikati, pumzi ikakatika. Mkono wake ukaudaka mkono wa daktari. Feni ikazunguka. Daktari hakushtuka, akatikisa kichwa tu kama aliyepata jibu alilolitegemea, akanionyesha: jiwe limekaba shingo ya kifuko, nyongo imekwama, ukuta umevimba hadi milimita 6. Jana ilikuwa chai, labda. Leo hapana.

Akalazwa, dripu, sindano za antibayotiki, upasuaji, nyumbani. Mawe yapo kwenye kichupa kabatini, anawaonyesha wageni bila kuombwa.

Hiyo miezi minne bado inanisumbua. Dada anasema tungejuaje. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mnada wa Msalato kila Jumamosi, namchagulia mbavu zilizonona.

"Sasa Bibi anaishije bila nyongo?"

Nikamweleza kwamba nyongo inatengenezwa na ini, kifuko ni ghala tu. Mama alikuwa kibarazani na kikombe chake cha tatu cha chai ya maziwa. Akapaza sauti: hiyo nyama inaiva lini, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.