Paa la kukunja na V8: pesa inakoishia
Anayetaka gari la kifahari la paa la kukunja, lenye injini ya V8 (silinda nane) na turbo mbili (mashine za kusukuma hewa zaidi kwenye injini), ajipange. Kwenye foleni za mjini linaweza kunywa lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100; barabara kuu, ukitulia, 10 au 11. Petroli ya oktani ya chini haikuokolei kitu: injini ikianza kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, kompyuta ya gari inachelewesha cheche ya kuyawasha, nguvu zinashuka na ulaji unapanda.

Ila kinachotoboa mfuko hasa ni tairi za nyuma na breki, maana gari ni zito. Na jamani, safisheni vitundu vya kutolea maji pembeni mwa paa! Vikiziba kwa majani, maji yanaingia kwenye buti na kuua pampu ya haidroliki inayofungua paa.