Siku vidole vyangu vilipokakamaa katika chumba cha walimu

Hali hii ya kuhema kupita kiasi ilinipata kwa mara ya kwanza nikiwa nasahihisha mitihani ya muhula, wiki ya tatu baada ya kumzika mama. Sikuwa nalia wala sikuwa nimegombana na mtu. Nilihisi tu kwamba hewa haifiki chini ya kifua, nikavuta zaidi, na kadiri nilivyovuta ndivyo kiu ya hewa ilivyozidi, hadi midomo ikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi na kalamu nyekundu ikaniponyoka. Nilipoutazama mkono wa kulia niliona vidole vimenyooka na kubanana, kidole gumba kimeingia kiganjani, kama mkono wa mtu anayevua bangili inayombana, na sikuweza kuvitawanya.

Mwenzangu mmoja alisema ni presha, mwingine akanong'ona kwamba mambo ya namna hii hayapelekwi hospitali, na wa tatu akaja na bahasha ya kaki akitaka nipumulie ndani yake. Hatimaye walinipakia kwenye gari. Kituoni, kipimo cha kubana kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 99, ilhali mimi nilikuwa naapa kwamba sina hewa. Hata hivyo daktari hakuharakisha kusema ni wasiwasi: alisikiliza mapafu, akapima umeme wa moyo, sukari, wingi wa damu na malaria. Utaratibu huo nauthamini sana, kwa sababu pumu, nimonia, upungufu wa damu, malaria kali na sukari iliyopanda kupita kiasi navyo humfanya mtu aheme hivyo, na mgonjwa wa aina hiyo akifunikwa bahasha anaweza kudhurika.

Ndipo akanieleza kwamba nilikuwa nimetoa kabonidayoksaidi haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa hiyo ikipungua, damu hupoteza asidi yake, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa na kuleta kizunguzungu, na kalsiamu iliyo huru katika damu hushuka, kiasi kwamba neva hushtuka ovyo na vidole hukakamaa. Kwangu maelezo hayo yalikuwa nusu ya tiba, maana hofu ya kufa ndiyo iliyokuwa ikinisukuma nivute hewa ambayo tayari nilikuwa nayo tele.

Muuguzi aliniwekea kiganja changu tumboni akasema, "Mama, puliza kama unayepooza uji wa mtoto, usiurushe nje ya kikombe." Nikajifunza kuvuta kwa pua kwa hesabu ya nne, tumbo likiinuka badala ya mabega, na kutoa kwa hesabu ya sita, yaani takriban pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Nilifanya hivyo kila alfajiri nikiwa nimelala chali mkekani. Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa magumu kwelikweli, kwa kuwa kupumua polepole kulinipa hisia ya kuzama, na nilitamani kunyakua pumzi moja kubwa. Pumzi hiyo ndiyo huanzisha kila kitu upya. Nilijizoeza kumeza mate na kungoja.

Pia nilikaa na mama mdogo, nikamweleza niliyokuwa nimeyafungia moyoni tangu msibani, na kuanzia hapo hali hii ikawa inanijia kwa nadra.

Sasa nazifahamu dalili zake za mapema: miayo mfululizo bila usingizi, kushusha pumzi kwa nguvu kila baada ya muda mfupi, na mabega yanayopanda bila mimi kujua. Tumekubaliana na daktari kwamba nikipata homa, maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, midomo kugeuka rangi au kuzimia, sitakaa kuhesabu pumzi bali nitakwenda hospitali mara moja.

Mwezi uliopita miayo ilinianza ndani ya daladala iliyojaa, nikielekea Msamvu. Niliingiza kiganja chini ya mtandio, nikakiweka tumboni, nikawa natoa pumzi kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, nikizipita nguzo nyingi nisizozikumbuka. Kondakta alipofika kwangu vidole vilikuwa na baridi, lakini nilihesabu sarafu moja moja nikamlipa.