Baridi ya Mbeya na madirisha ya kuslaidi

Julai hii nimesubiri kwenye kituo kimoja cha afya hapa Mbeya. Mabenchi yamejaa, makoti na vitenge vya kujitanda, madirisha yote yamefungwa, na watu wanakohoa. Nikanyanyuka kufungua moja. Bibi mmoja akanizuia: "Mwanangu, unataka tufe na baridi?" Ana hoja. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Julai huku si mchezo.

Nilichokasirikia ni jengo. Dirisha la aluminiamu la kuslaidi hata ulifungue lote unapata nusu tu ya uwazi, maana kioo kimoja kinalala nyuma ya kingine. Halafu juu hakuna tundu hata moja! Majengo mengi ya zamani yana dari ya juu na matundu ya hewa karibu nayo. Hewa ya moto tuliyoipumua inapanda na kutokea huko, safi inaingia bila kumpiga mtu kifuani. Siku hizi tunapiga jipsamu, tunaziba, inapendeza kwenye picha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, wodini na kwa wagonjwa wa nje. Vyumba vya magonjwa yanayoambukizwa kwa hewa kama TB, 160.

Mafundi wa Njombe na Makete, kwenye baridi kuliko yetu, ninyi matundu mnayaweka wapi?