Jinsi nilivyofanikiwa kuotesha vikonyo vya kahawa chotara

Kihamba, yaani shamba la nyumbani, nilichorithi kwa baba yangu, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, kilikuwa na mibuni ya zamani ambayo kila mwaka wa mvua nyingi ilipoteza sehemu kubwa ya matunda yake kwa chulebuni, ugonjwa unaoshambulia buni zikiwa bado za kijani na kuziacha nyeusi na kavu matawini. Gharama ya kupiga dawa ilikuwa ikimeza karibu pato lote la msimu. Kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima kilipopata miche ya kuanzishia bustani mama, yaani bustani ya miti ya kuzalishia miche mingine, ya kahawa chotara inayostahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani, iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyopo Lyamungu wilayani Hai, nilijitolea kuitunza na kujifunza kuizidisha.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sikuweza kutumia mbegu. Arabika, aina ya kahawa tunayolima huku mlimani, hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana wazee wetu waliotesha aina za zamani kwa buni zilizochaguliwa na wakapata miti inayofanana na mama yake. Chotara haifuati desturi hiyo. Ukipanda buni zake, watoto hutofautiana kwa umbo, kwa mavuno na kwa ustahimilivu wa magonjwa, hata ile faida uliyoitafuta ikapotea. Ilibaki njia ya vikonyo, yaani vipande vya shina, na hapo ndipo palipo na ugumu, kwa sababu robusta, aina nyingine ya kahawa inayolimwa Kagera na Uganda, hutoa mizizi kwa wepesi zaidi kuliko arabika.

Mwaka wa kwanza nilikata vikonyo 80 kutoka kwenye matawi ya pembeni, yale yanayobeba matunda, kwa kuwa yalikuwa mengi na rahisi kuyafikia. Takriban 20 vilitoa mizizi, nikafurahi mno, nikavihamishia kwenye viriba, yaani vifuko vya plastiki vyenye udongo. Baada ya miezi kadhaa niliona kwamba hakuna mche hata mmoja uliosimama. Yote ilitambaa upande kama tawi lililoanguka. Bwana shamba wa kata yetu alipoitazama aliniuliza swali moja tu, kwamba vikonyo nilivitoa sehemu gani ya mti. Ndipo nilipoelewa kwamba mbuni una machipukizi ya aina mbili: maotea yanayokwenda juu wima na matawi yanayokwenda pembeni, na kila moja hubaki na tabia yake hata likitengwa na mti. Kikonyo cha tawi la pembeni hakitakuwa mti wima, hata ukikitunza namna gani. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu lilinigharimu mwaka mzima.

Maotea ya wima huwa machache kwenye mti unaoachwa usimame, na dawa yake ni kuinamisha shina la mti mama na kulifunga kwenye vigingi. Macho yaliyolala upande wa juu wa shina huamka, na ndani ya miezi mitano au sita unapata maotea manene ya kutosha.

Mwaka wa pili nilitumia maotea sahihi lakini nikaharibu kwa ukarimu. Nilichanganya udongo mweusi na samadi nyingi, nikamwagilia asubuhi na jioni, na katika wiki ya nne sehemu kubwa ya vikonyo ilikuwa imeoza kuanzia chini, ikinuka. Kikonyo kisicho na mizizi hakina njia ya kula samadi. Kinachokilisha ni jani lake, na jani hilo hilo ndilo linalokikausha kwa kupoteza maji hewani. Tangu hapo kazi yangu yote nimeielekeza kwenye jani: lisinyauke, na lisioze, mpaka mizizi itoke.

Sasa hukata maotea alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya migomba, na kuyatumbukiza mara moja kwenye ndoo ya maji safi. Ncha laini huitupa, na sehemu ya chini iliyokwisha kuwa ngumu na ya kahawia huitupa pia. Ninachobakiza ni pingili za kati, za kijani lakini zisizopindika kwa urahisi. Kila kikonyo huwa na fundo moja na kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 6 chini yake, kilichokatwa mshazari kwa wembe mkali, kwani mkasi butu huponda shina na mahali palipopondwa ndipo uozo unapoanzia. Majani huyapunguza yabaki nusu. Hupanda kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa, uliochanganywa na udongo kidogo wa msituni, ndani ya tuta lililofunikwa kwa nailoni juu ya fito zilizopindwa, na juu yake kivuli kizito. Nailoni ikiwa na matone ya maji kwa ndani asubuhi, simwagilii kabisa.

Baada ya wiki sita hivi, mwisho wa kikonyo huvimba na kuwa na kinundu cheupe. Nawasihi wanaoanza wasiving'oe kuvichungulia, kwa sababu mimi nilivunja mizizi michanga mingi kwa haraka hiyo. Mizizi ya kutosha kuhamishwa hunichukua miezi mitatu hadi minne, na vikonyo vilivyopandwa karibu na Juni na Julai, wakati mawingu yanapokaa mlimani na usiku ni wa baridi, huchelewa zaidi.

Katika awamu ya mwisho nilipanda vikonyo 240, nikahamishia 171 kwenye viriba. Nailoni niliifunua kidogo kidogo kwa wiki tatu ili miche izoee hewa kavu, na miche 9 tu ndiyo iliyokufa baada ya hapo. Iliyobaki tumegawana kwenye kikundi, na sehemu yangu imepandwa katikati ya migomba, mahali pa ile mibuni ya baba niliyoing'oa; safu ya kwanza imechanua baada ya mvua za vuli.